Kelele ya Saa Moja Asubuhi

Katika kijiji cha Aberhosan, huko Wales, intaneti ilikuwa ikivurugika kila siku ifikapo saa moja asubuhi. Hali hiyo ilidumu miezi 18. Mafundi wa Openreach, kampuni inayomiliki nyaya za simu nchini Uingereza, walikuja mara kwa mara. Walipima laini wakaona haina kasoro. Wakang'oa nyaya, wakaweka mpya, tena kwa urefu mkubwa. Kesho yake saa moja asubuhi, mambo yakawa yale yale.

Wanakijiji walilalamikia intaneti, lakini habari hii inamhusu sana msikilizaji wa redio ya AM. Intaneti ya waya wa shaba hutumia masafa yanayofika megahezi 2 au zaidi, na humo ndimo zilimo stesheni zote za masafa ya kati, kuanzia kilohezi 530 hadi 1600 na ushei. Kinachovuruga hiyo ndicho kinachokwaruza taarifa ya habari. Katika AM, sauti hubebwa na nguvu ya wimbi inavyopanda na kushuka. Cheche ya radi au ya swichi mbovu nayo hutoa wimbi la namna hiyo, na redio, isiyoweza kumtenga mtangazaji na cheche, hutoa vyote spikani. Kelele hiyo ndiyo iliyomhangaisha mhandisi Edwin Armstrong wa Marekani miaka mingi, hadi akapata hataza za FM mwaka 1933.

Mwaka 2020 Openreach ilileta kikosi cha wahandisi. Saa kumi na mbili alfajiri, mvua ikinyesha kwa nguvu, walikuwa wakizunguka kijijini na kifaa cha kupimia masafa. Ilipogonga saa moja, kifaa kikanasa mlipuko mkubwa wa kelele ya umeme. Wakaufuata mpaka kwenye nyumba moja. Humo mlikuwa na runinga kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, na mwenyewe alikuwa akiiwasha kila asubuhi saa hiyo. Alisikitika mno kusikia iliyoyafanya. Akakubali palepale kuizima na kutoitumia tena, na tatizo likaisha.

Linaloniuma ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya lalamiko tangu siku ya kwanza. Waya uliochakaa haujui saa. Anayejua saa ni mtu anayeamka, akanawa uso, akabonyeza swichi. Nyaya zilibadilishwa kabla swali la "kwa nini saa hiyo?" halijaulizwa hadi mwisho wake.

Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell huko New Jersey, aliliuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akichunguza kelele zilizosumbua simu za redio. Nyingi zilikuwa za radi, za karibu na za mbali. Moja ilikuwa mvumo mwembamba ambao kwanza aliudhani watoka juani. Aliendelea kuandika saa zake kwa miezi, akaona kila siku unawahi kwa takriban dakika nne, kama nyota zinavyowahi kuchomoza. Mwaka 1933 akatangaza kwamba unatoka katikati ya kundi letu la nyota. Kama angebadilisha vipuri vya mtambo wake tu, asingeligundua hilo kamwe.

Kwetu watuhumiwa wakuu ni chaja za bei ya chini, taa za LED, inveta na vifaa vya kudhibiti sola. Basi kwanza andika kelele inaanza saa ngapi na kukoma saa ngapi. Halafu chukua redio ya betri, uzime meni swichi ya nyumba, pamoja na inveta na sola kama unazo. Kelele ikikoma, mkosaji yumo mwako: chomoa vifaa vyote, washa umeme tena, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja hadi umpate.

Isipokoma, toka nje. Ndani ya redio ya mkononi mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho antena ya AM. Ile fimbo ya kuvuta ni ya FM na masafa mafupi. Izungushe redio polepole mpaka kelele ififie. Hapo ncha za kijiti zimeelekea kwenye chanzo, upande mmoja au wa pili. Kumbuka mstari huo, nenda mahali pengine, rudia. Mistari inapokatana ndipo pa kutazama. Ila nyaya za nguzo husafirisha kelele mbali, kwa hiyo usiituhumu nyumba kwa sababu tu nguzo imesimama mbele yake. Ikionekana kelele inatoka kwenye nguzo au transfoma yenyewe, usiguse kitu. Liarifu shirika la umeme.

Na ukifika mlangoni kwa jirani, nenda na redio ikiwa imewashwa. Mpigie hodi, mwamkiane, kisha umwombe azime kifaa unachokishuku kwa dakika moja tu, msikilize pamoja.