Chuma Chakavu cha Kihinga

Jumatano ya Novemba 8, 2017, wanafunzi watano wa Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, walikufa kwa bomu la mkono. Wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Bomu lile liliokotwa na mwanafunzi mwenzao, akalidhania chuma chakavu, akaenda nalo shuleni. Hakuwa mtundu kupita watoto wengine. Aliona chuma, na chuma kinauzwa kwa kilo.

Hapa kwetu Nyakakika, wilayani Karagwe, si jirani na Kihinga, ila mkoa ni mmoja, Kagera, na ardhi yake imepitiwa na vita vilevile. Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli wakaiteka Bukoba kutoka kwa Wajerumani. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakashuka hadi Biharamulo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia, na mwanzoni mwa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Jeshi la Tanzania, JWTZ, nalo likarudi na makombora ya kuyafukuza. Kisha Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 wakavuka Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda, na kambi zikajaa Ngara na Karagwe. Kila msafara wa namna hiyo huangusha vitu njiani, vingine kwa bahati mbaya, vingine kwa kufichwa. Anayechimba shimo la mgomba leo hana orodha ya waliopita.

Ndiyo maana wapo vijana wetu, na wazee pia, wanaovutiwa na silaha za kale. Ganda la risasi lenye kutu hugeuzwa pambo la dirishani. Mtu akisikia pana kipande cha mzinga mahali fulani, ataacha kazi zake akakitazame. Sioni ubaya. Karagwe ni nchi ya wafua chuma. Hazina ya watawala wake pale Bweranyange ilikuwa na ng'ombe wa chuma na nyundo za kifalme, na anayependa chuma cha zamani hapa kwetu hajaiga mtu. Ubaya unaanza pale mpenzi wa silaha anaposhindwa kutenganisha silaha na kilipuzi. Bunduki isiyo na risasi ni bomba na ubao tu. Bomu, kombora na risasi nzima ni habari nyingine kabisa, na humo ndimo watu wanamofia.

Chukua bomu la mkono aina ya F1, la Kirusi, lililosambaa sana Afrika. Lina uzito wa gramu 600 hivi, na baruti ndani yake ni kama gramu 60 tu. Juu limefungwa kiwashio chenye springi iliyobanwa, na kipigio cha springi hiyo kinazuiwa na mkono wa bati, nao mkono umeshikwa na pini. Pini ikitoka na mkono ukaachiwa, kipigio hugonga fataki, na baada ya sekunde tatu au nne bomu hulipuka. Sasa lifukie ardhini miaka 20. Kutu itakula nini kwanza? Itakula pini na bati, vile vyembamba vilivyowekwa kulinda uhai wa aliyelibeba. Baruti ya TNT haiozi kama mbao wala haichachi kama togwa. Kwa hiyo bomu linavyozeeka ndivyo linavyopoteza breki zake, huku nguvu ikibaki palepale. Wengi hulihesabu kinyume: wanaona kutu, wanasema limekufa.

Hesabu hiyo mbovu imewaponza hata wajuzi. Februari 2008, katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji mmoja wa vifaa vya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo aliuawa na kombora la mzinga wa meli lililokuwa limetimiza miaka 140 hivi tangu litengenezwe. Alikuwa nyumbani kwake akilisafisha. Mtu huyo hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa ameshazima mamia ya makombora ya aina hiyo. Naona mazoea yalimfanya aamini kwamba kombora jipya mikononi mwake litatii kama yale yaliyotangulia. Kwetu hata ghala la jeshi lenye walinzi na wataalamu halikusalimika: jijini Dar es Salaam mabomu yalilipuka ghalani Mbagala Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Anayetaka kuuona mzinga wa kweli aende Mombasa. Katika ngome ya Fort Jesus umewekwa mmoja wa mizinga ya meli ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa mtoni Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake kumi, wakaikokota nchi nzima kupigana nayo nchi kavu. Chuma hicho kinatosha kumshibisha mpenzi wa historia siku nzima, na hakina kitu ndani.

Turudi kwenye mizani ya chuma chakavu. Wanunuzi hupita vijijini wakichukua sufuria zilizotoboka, majembe yaliyoisha, vipande vya baiskeli, na mtoto akipata mia tano anafurahia andazi na kalamu. Mnunuzi akitupa kila kitu kwenye gunia bila kuangalia, anahatarisha watoto wa wenzake na gari lake mwenyewe. Kitu kizito cha mviringo chenye mifereji kama nanasi, au chenye umbo la chupa na mabawa nyuma, kisiguswe, kisigongwe, kisitupwe chooni wala motoni. Unaweka alama kwa mbali, unazuia watoto na mifugo, unampa habari mwenyekiti wa kitongoji au polisi, nao wataita wataalamu wa jeshi. Gobore la babu lililosahaulika darini lina utaratibu wake: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimtambui mmiliki asiye na kibali, hata kama silaha ni ya urithi, na mara kwa mara serikali hutoa muda wa kusalimisha kwa hiari, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Kabla halijasalimishwa, asilikague mtu nyumbani kwa kuchungulia mdomo wake. Huenda liliwekwa darini likiwa limeshindiliwa tayari.