Mikono ya Mchungaji, Miguu ya Kamango

Jumapili ya tarehe 14 Julai 2019, basi kutoka Butembo liliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Pamoja na abiria wengine 18 na dereva, ndani yake alikuwamo mchungaji mwenye homa. Siku zilizotangulia alikuwa Butembo akihubiri, kanisa hili leo na lile kesho, hata yakafika saba, na kila alipohubiri aliwawekea waumini mikono, wagonjwa wakiwamo. Homa ilimwanzia huko huko, akahudumiwa nyumbani na muuguzi, kisha akapanda basi. Njiani alipita bariera tatu za ukaguzi wa afya, na wizara ya afya ilisema baadaye kwamba aliandikisha majina tofauti, kana kwamba hakutaka kujulikana. Goma alipimwa akakutwa na Ebola. Alirudishwa Butembo atibiwe, lakini hakupona. Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekuwa dharura ya dunia nzima.

Hatumsimulii marehemu ili tumcheke, wala jina lake halina kazi hapa. Mwezi mmoja tu kabla yake, Ebola ilikuwa imevuka mpaka hadi Kasese, Uganda, ikibebwa na familia iliyotoka kumuuguza na kumzika babu yao, naye pia mchungaji. Vyumba vya maombi vya Beni na Butembo vilipokea wagonjwa waliopaswa kuwa mikononi mwa waganga. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Ebola hupita katika damu, jasho na matapishi ya mgonjwa. Mkono unaompaka mafuta mgonjwa mmoja na kuhamia kwa mwingine unaweza kuubeba ugonjwa, hata kama moyo wa mwenye mkono umejaa upendo.

Kosa halikuwa kuomba. Kosa lilikuwa katika kusoma.

Wanaowawekea wagonjwa mikono husimama juu ya sura ya 16 ya Injili ya Marko, mahali panaposema waaminio watawagusa wagonjwa nao watapona. Lakini aya hiyo hiyo inataja pia kushika nyoka na kunywa sumu bila kudhurika. Ni mchungaji gani kati ya Mbau na Nobili, huku eneo la Beni, aliyeleta nyoka madhabahuni? Huko Marekani wapo waliothubutu. George Hensley, mhubiri aliyeeneza desturi ya kushika nyoka ibadani, aliumwa na nyoka akafa mwaka 1955. Sisi tunaipita nusu hiyo kimyakimya na kuishikilia nusu nyingine kwa herufi. Zaidi ya hayo, wataalamu wa Biblia wanajua kwamba aya za mwisho za Marko, kuanzia ya 9, hazimo katika nakala mbili za Kigiriki zilizo kongwe kuliko zote zenye Injili hiyo nzima. Biblia nyingi za leo hutia alama hapo. Kumjengea mgonjwa uhai au mauti juu ya mistari hiyo peke yake ni hatari.

Watu wa Kamango, huko Watalinga karibu na mpaka wa Uganda, wanajua kusoma vizuri kuliko hivyo, na waliwahi kulionyesha. Zaburi ya 91 inajulikana katika makanisa ya Watalinga: maelfu wataanguka kando yako, wewe hutaguswa, wala tauni haitaikaribia hema yako. Julai 2013, waasi wa ADF walipoingia Kamango, watu waliojua Zaburi hiyo kwa moyo walibeba watoto na magodoro wakavuka mpaka. Zaidi ya 60,000 walifika Bundibugyo, Uganda, wengi wakaishia kambi ya Bubukwanga. Walikimbia huku wakiomba. Hatujasikia mzee wa kanisa aliyesimama njiani kuwaambia kwamba wamepungukiwa na imani. Siku ya Noeli mwaka ule ule Kamango ilishambuliwa tena, na waliokuwa na miguu walikimbia tena.

Na waliokutwa na hatari penye maombi? Tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, Jumapili, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Zaidi ya 10 walikufa. Anayeisoma Zaburi ya 91 kama hati ya mkataba atalazimika kusema kwamba ndugu hao hawakuwa chini ya mbawa za Mungu. Nani ana ulimi wa kumwambia hivyo mama aliyemzika mwanawe Kasindi? Zaburi ni wimbo wa mtu anayemtegemea Mungu hatarini. Wimbo huo ni wa kweli, lakini haukuandikwa kama cheti cha kinga.

Biblia yenyewe inatuonya juu ya hili. Katika Mathayo 4, anayeitumia Zaburi ya 91 kwa herufi ni Ibilisi. Anampandisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe, kwa kuwa imeandikwa malaika watamdaka. Yesu hakusema Zaburi ni ya uongo. Alilipima andiko kwa andiko lingine: usimjaribu Mungu. Naye Yusufu, aliyekuwa na ahadi ya malaika juu ya mtoto, alipoambiwa Herode anamtafuta aliamka usiku akakimbilia Misri.

Hapa Mkristo mwaminifu atauliza, na ana haki: tukianza kusema hili ni wimbo na lile ni mfano, kesho si tutaambiwa hata ufufuo ni mfano? Jibu ni kutazama kila andiko linajitambulisha vipi. Kijijini, anayeimba matangani na anayetoa ushahidi mbele ya chifu wote wawili wanaweza kusema kweli, lakini hakuna anayewasikiliza kwa sikio moja. Paulo katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, anaongea kama shahidi: anataja Petro, wale Kumi na Wawili, na ndugu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa hai alipoandika. Yesu anaposema jicho likikukosesha uling'oe, hakuna kanisa linalotafuta kisu. Kwa hiyo hakuna asomaye kila neno kwa herufi. Sote tunachagua, ila wengine hawakiri kwamba wanachagua.

Kipimo cha kuchagua kilikwisha kutolewa na Mwafrika. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alifundisha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kwamba anayedhani ameyaelewa Maandiko, lakini ufahamu wake haujengi upendo wa Mungu na wa jirani, bado hajayaelewa. Kabla yake, Origene wa Aleksandria alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba habari za bustani ya Edeni hazikuandikwa ili tudhani Mungu alilima shamba kama mkulima. Watu hawa hawakupoteza imani. Kanisa linawasoma mpaka leo.

Kipimo hicho kikikosekana, matokeo yake tumeyaona. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, serikali ilifukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Waendesha mashtaka walisema aliwafundisha kufunga kula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwa waliofukiwa pale walikuwamo watoto wengi.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, ikarudi Beni Oktoba mwaka huo, na tena Agosti 2022. Basi, mchungaji, ukiletewa mgonjwa mwenye homa, mwombee ukiwa mbali naye, kisha mpeleke kituo cha afya kabla hujafunga Biblia. Sura ya 13 ya Walawi inaagiza mwenye dalili za ugonjwa wa ngozi atengwe na kuchunguzwa, na Paulo alisafiri na Luka aliyekuwa mganga. Nawe mwamini, chanjo ikifika, nyosha mkono bila kuona haya mbele za Mungu. Kama mwaka 2013 ulikimbilia Bundibugyo ukabaki Mkristo, unaweza kukimbilia hospitali ukabaki Mkristo vilevile.