Utamu wa Sauti na Ukweli Wake

Binadamu hupenda mambo mawili ambayo hayaandamani daima: utamu na ukweli. Mashindano yao huonekana katika maneno, katika sura, na hata katika kikuza sauti cha muziki kitumiacho valvu. Aishiye na chombo hiki hukabiliwa na swali la maadili ingawa hakulitafuta: je, ni haki kuipenda sauti iliyotiwa jambo ambalo mpigaji hakulipiga?

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake sehemu moja hupashwa moto ikatoa elektroni, bamba huzipokea, na katikati uko wavu unaozizuia au kuziachilia kwa kadiri ya mkondo wa sauti uingiao. Mwingereza John Ambrose Fleming aliivumbua mwaka 1904 bila ya wavu. Mmarekani Lee de Forest aliutia miaka michache baadaye. Transista ilipozaliwa mwaka 1947, ilileta kifaa kidogo zaidi, kisichohitaji kupashwa moto. Yamkini valvu ingalisahauliwa. Walakini ingali ikitengenezwa.

Sababu ni utamu. Valvu ikikaribia upeo wa nguvu zake, aghalabu haiikati sauti kwa ghafula, bali huzilainisha ncha zake, na huiongezea mwenzi wa mtetemo maradufu, ambaye sikio humpokea kwa upole kwa kuwa hupatana na sauti ya asili. Kwa mafundi hii ni kasoro. Kwa wapenzi ni joto la sauti. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Haki ya jambo hili hutegemea kazi ya mtu. Mpiga gitaa la umeme aitumiaye kasoro hiyo hamdanganyi yeyote, maana yeye ndiye mtunzi wa sauti yake, kama mpiga ngoma aotaye ngozi motoni kabla ya kuipiga. Msikilizaji wa santuri yu katika hali nyingine: kazi aisikiayo ni ya mtu mwingine, naye anamwia deni la uaminifu. Hata hivyo, aongezaye chumvi katika chakula chake mwenyewe hamdhulumu mpishi. Dhuluma huanza anapowaambia wengine kwamba ndivyo kilivyopikwa.

Hatari hii huzidi wakati wa kuchagua valvu. ECC83 ya zamani iliyotengenezwa na Mullard wa Uingereza huuzwa ghali kuliko nyingi zilizo mpya, na mtu aliyelipa sana huelekea kusikia alichokilipia. Dawa ipo. Fundi na azibadili valvu kwa siri, chombo kikiwa kimezimwa na kupoa, maana ndani mna umeme wa volti mamia uwezao kuua. Kisha muziki upigwe kwa kimo kile kile cha sauti, na msikilizaji akisie mara nyingi. Akishindwa kuzitofautisha, anaweza bado kuipenda ile ya zamani kwa ajili ya historia yake, lakini hana haki tena ya kumshauri maskini wa fedha ainunue kwa ajili ya sauti.

Utamu si dhambi, wala ukweli si adui wa furaha. Kinachotakiwa ni kila kimoja kiitwe kwa jina lake. Anayesema, "Hii yanipendeza," amesema kweli hata kama chombo chake kina kasoro. Anayesema, "Hii ndiyo kweli," kwa sababu tu yampendeza, amelidanganya sikio lake kwanza, na jirani yake baadaye.