Kuchora Likizoni: Mapumziko au Ibada?

Ndugu zangu katika imani, likizo ikianza wengi wetu tunashika simu, na siku inakwisha hatujui imekwendaje. Mimi napendekeza penseli, rula na bikari. Chora duara. Ndani yake chora mraba, kisha mraba wa pili uliozungushwa nyuzi 45. Hapo umepata nyota yenye ncha nane, kama zile za vigae vya Alhambra kule Hispania. Mkono ukienda polepole akili nayo hutulia, maana ukiharakisha mistari haikutani.

Atatokea wa kuuliza: picha si haramu? Hilo jepesi. Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Gumu ni hili: je, si kupoteza wakati? Baadhi yetu hujitetea kwa kuuita uchoraji huo dhikri. Sikubaliani nao. Dhikri ni kumtaja Allah (S.W.). Kuchora nyota ni kupumzika, na mapumziko hayahitaji kuvishwa kanzu ndipo yawe halali. Mtume (S.A.W.) alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr anafunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Hakumpa ibada nyingine. Alimwambia alale pia.

Najua, nia njema huipa ada thawabu. Lakini haiigeuzi kuwa dhikri. Adhana ikisikika, bikari iwekwe chini, hata kama imebaki ncha moja.