Mali ya Kiti cha Nyuma

Fungua mlango wa nyuma wa gari lolote la familia hapa Nairobi, iwe ni Vitz, Fielder au Noah, na utakuta mkusanyiko ambao hakuna mtu mzima angeupanga. Kiatu kimoja cha mwanasesere. Vifuniko vya soda, saba au nane. Kipande cha krayoni ya kijani. Risiti ya petroli iliyokunjwa ikawa ndege. Jiwe. Kijiti ambacho, ukiuliza, utaambiwa ni upanga. Na kwa sababu haya ni maisha, ganda la ndizi la juzi.

Jumamosi gari linapelekwa kuoshwa. Kijana mwenye kitambaa anauliza, "Boss, hizi vitu nitupe?" Dereva hata hainui macho kutoka kwa simu: "Tupa tu." Swali langu ni hili: ruhusa hiyo ya kutupa ameipata wapi?

Najua unacheka. Vifuniko vya soda, jameni! Lakini hebu tulichukulie swali hili kwa uzito kidogo, kwa sababu majibu tunayotoa haraka haraka hayasimami vizuri.

Jibu la kwanza ni lile la kila mzazi: gari ni yangu. Logibuku ina jina langu, mafuta naweka mimi, mkopo wa sacco nalipa mimi. Sawa. Lakini abiria akisahau mfuko kwa kiti cha matatu, mfuko hauwi wa mwenye matatu. Kondakta akiubeba akaenda nao kwake, sote tunajua jina la kitendo hicho. Kumiliki chombo si kumiliki kila kilichomo ndani yake.

Jibu la pili ni kwamba huyo si abiria, ni mtoto wangu. Hapa una mtu mzito upande wako. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alisema kwamba mtoto, mpaka afikie umri wa kujitegemea, ni kama sehemu ya mzazi wake, na hakuna mtu anayeweza kujidhulumu mwenyewe. Kwa hiyo, kwa maana kamili ya neno, baba hawezi kumdhulumu mwanawe mdogo. Tatizo ni kwamba aliitumia hoja hiyo hiyo kwa mtumwa na bwana wake, na leo hakuna anayemfuata huko. Pia, kucha zangu ni sehemu yangu, na nikizikata hazilalamiki. Mtoto akikosa jiwe lake, analia. Kilio hicho ni ushahidi kwamba kuna mtu wa pili humo garini.

Jibu la tatu: hata hivyo vitu nilinunua mimi. Ulinunua, halafu ukampa. Zawadi ambayo mtoaji anaweza kuichukua wakati wowote bila kuuliza inaitwa mkopo. Isitoshe, nusu ya vitu vilivyo kwenye kiti cha nyuma havikununuliwa na mtu yeyote. Jiwe liliokotwa. Vifuniko vilikusanywa kimoja kimoja kwenye harusi ya shangazi. Mwaka wa 1689 John Locke, Mwingereza, alichapisha kitabu akieleza jinsi kitu kisicho na mwenyewe kinavyogeuka kuwa mali ya mtu: kwa kazi yake. Mfano wake ulikuwa mtu anayeokota matunda chini ya mti. Akishayaokota ni yake, kwa sababu ameyatia jasho. Mtoto aliyeinama mara nane chini ya meza za harusi ametimiza sharti hilo kuliko sisi wengi tulivyotimiza kwa vitu tunavyoviita vyetu.

Na wazazi wanaoendesha magari leo wanalijua hili mwilini. Wengi wao walikuwa na gari la kwanza kabla ya kuwa na leseni: gari la waya, usukani wa waya mrefu, magurudumu ya vifuniko au ya vipande vya kandambili. Hakuna aliyewanunulia. Waya ulitafutwa, ukakunjwa, ukachoma vidole. Waulize lile gari lilikuwa la nani, uone kama watasema lilikuwa la baba.

Locke aliweka na mpaka. Ni halali kuchukua kile unachoweza kukitumia kabla hakijaharibika. Kinachoozea mikononi mwako kimezidi fungu lako. Kwa hiyo kuhusu ganda la ndizi, na ile nusu chapati iliyoota ukungu chini ya kiti, mzazi ana haki zote. Tupa tu.

Kuna sababu nyingine nzito kuliko hizi zote, nayo ni usalama. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya mwisho inayoruhusiwa mijini, linasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Ukipiga breki ghafla kwa sababu boda boda imekukatia njia, gari linasimama lakini kitu kisichofungwa kinaendelea na safari kwa kasi ile ile. Lori dogo la chuma lililokaa nyuma ya kiti linafika kichogoni mwa mtu. Mpira mdogo unaobingirika hadi chini ya pedali ya breki unaweza kuizuia isikanyagike. Hapo hakuna mjadala. Sakafu ya dereva haina demokrasia, na mtoto akilia, alie.

Lakini angalia sababu hii inakupa ruhusa gani hasa. Inakuruhusu kukiondoa kitu mahali pa hatari, kukiweka kwa buti, kukifungia kwenye mfuko, kukirudisha nyumbani. Haikuruhusu kukitupa. Mpira ulio kwenye shimo la takataka si salama zaidi kuliko mpira ulio ndani ya kikapu. Tunapotupa tukisema ni usalama, mara nyingi tunatumia neno zuri kufunika sababu nyingine.

Sababu nyingine ni ipi? Aibu, mara nyingi. Kesho unampa lifti mtu wa ofisi na hutaki akalie biskuti. Na tusisahau bei ya kuuza. Kwa Mkenya, gari la familia ni akiba yenye magurudumu, na mnunuzi wa baadaye ameshaketi kwenye kiti cha nyuma kabla hujamaliza mkopo. Inachekesha ukikumbuka gari lenyewe limetoka wapi. Mengi ni mitumba ya Japani, na sheria yetu inayaruhusu kuingia yakiwa hayajapita miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Bado kuna magari Nairobi ambayo ukiyawasha yanakusalimia kwa Kijapani, sauti ya mwanamke ambayo hakuna anayejua kuizima. Huenda kulikuwa na mtoto kwenye kiti kile kile, mwenye mawe yake. Liliposhushwa Mombasa halikuwa na hata punje ya makombo. Tunaita hali hiyo safi, na ndiyo tunayotaka gari lirudi kwayo, kama vile familia iliyomo ndani inapita tu.

Mtu atasema, basi mtoto akilia dakika tano atasahau, shida iko wapi? Jiwe atalisahau, kweli. Sina uhakika atasahau namna lilivyopotea. Anajifunza kwamba kitu ni chako mpaka mkubwa akichoke. Anajifunza mwenye nguvu mpishe, na kwamba huhitaji kuelezwa. Sisi tulio mjini tunaujua mtindo huo ukikua. Mchuuzi anapanga nyanya zake asubuhi, askari wa jiji wanafika, lori linajaa, na ukiuliza unaambiwa mji unasafishwa. Uzito wa mambo haya mawili si mmoja: yule amepoteza chakula cha watoto wake, huyu amepoteza kijiti. Lakini neno ni lile lile, kusafisha, na katika yote mawili mwenye mali hakuulizwa kwa sababu mali yake ilionekana kama uchafu.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto mwaka wa 1990. Watu hukumbuka kifungu cha 31, kile cha haki ya kucheza. Kinachonigusa hapa ni cha 12: mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake. Sidhani waliokiandika walikuwa wanafikiria kiti cha nyuma cha Probox. Ila kwa mtoto wa miaka minne, ni mambo gani mengine yanamhusu? Kodi hamhusu. Shule hakuichagua. Jiwe linamhusu.

Kwa hiyo nagawanya hivi. Mpaka ni wa mzazi. Uchaguzi ni wa mtoto. Mzazi ana haki ya kusema gari hili lina kikapu kimoja, kimefungwa nyuma ya kiti, na kisichoenea humo hakisafiri. Ana haki ya kusema chakula hakilali garini. Nafasi ni chache, na kujifunza hilo si dhuluma. Lakini kikapu kikijaa, anayeamua kibaki kijiti au kibaki kiatu cha mwanasesere ni yule anayejua kwamba kijiti ni upanga. Na kikitupwa kitu, ajulishwe kabla. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto asiyejua kuandika hana daftari lingine isipokuwa mtu mzima anayemuuliza.

Itachukua muda, sikatai. Jiwe litajadiliwa dakika kumi, na kijana mwenye kitambaa atakuwa amesimama anangoja. Mwambie angoje. Anza na buti.