Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?

Wako vijana kati yetu wenye kipawa cha kutunga hadithi, nao hukata tamaa waambiwapo, "Mkristo haandiki mambo yasiyotukia." Je, ni kweli? Mwongo hutaka aaminiwe ili adanganye. Mtunzi hamfichi msomaji kwamba amebuni. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano ya mpanzi na mwana mpotevu.

John Bunyan wa Uingereza, fundi wa kuziba masufuria, alifungwa miaka 12 tangu 1660 kwa kuhubiri bila ruhusa. Alipotunga Safari ya Msafiri, rafiki wengine walimwambia achapishe, wengine wakamkataza. Alikichapisha mwaka 1678. Na katika toleo la pili, mwaka uo huo, aliongeza sehemu mpya. Kitabu kimekwisha kuuzwa, naye bado yu kazini!

Basi, uongo wa mtunzi hauko katika kubuni. Uko katika kuwaonyesha watu jinsi wasivyo: mwema asiyejaribiwa kamwe, mwovu asiye na chozi. Sahihisha hapo. Andika kidogo kila siku, msomee jirani, futa, andika tena. Kipawa ni talanta. Usiizike kwa kuogopa maneno ya watu.