Khofu Isiyomwaga Damu

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, watu wengi wa Ulaya na Marekani hujifurahisha kwa kuogopa. Desturi hiyo, iitwayo Halloween, ina filamu zake, na wapo wanaotaka kutishwa bila ya kuoneshwa maiti na viungo vilivyokatwa. Chaguo lao ni la kiungwana. Hata hivyo linazusha suali: je, filamu ya kutisha ikikosa damu, ndiyo imekosa madhara?

Suali hili halikomei ng'ambo. Mnazi, kata ya wilaya ya Lushoto, ina jina la mti wa pwani, ingawa imelala mbali na bahari, tambarare chini ya milima ya Usambara. Mtazamaji wa mahali kama hapo, akitoka kwenye banda la video usiku, hurudi kwake kwa njia ya giza, na njiani zipo nyumba za vikongwe. Filamu aliyoitazama hurudi naye.

Filamu za video zilizotengenezwa Dar es Salaam miaka ya 2000, mojawapo Shumileta ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, ziliwatoa majini na wachawi katika ngano na kuwatia kiooni. Ngano hazina kosa. Kosa huanza pale ambapo mchawi, kisa baada ya kisa, hupewa uso ule ule wa bibi kizee mwenye macho mekundu. Mikoani Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi aghalabu ni macho hayo, yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Si filamu iliyozua shutuma hizo. Lakini filamu inayowanyooshea kidole watu wale wale, hata isipoonesha tone moja la damu, hukitia nguvu kidole kilichokwisha kunyooshwa.

Visiwani jambo hili linaeleweka. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na watu wakawa wanalala nje, wamekusanyika kwa kuogopana na kuliwazana. Hapakuwa na filamu. Palikuwa na maneno tu. Lisemwalo lipo, husema wahenga. Lililosemwa lilitafuta mwili wa kukaa, na mgonjwa wa akili akauawa Unguja na umati uliomdhania kuwa ndiye.

Zipo filamu zilizoijua hatari hii. Katika Mahal, filamu ya Kihindi ya Kamal Amrohi ya mwaka 1949, mwanamume anavutwa na mzuka wa mwanamke katika jumba la kale. Mwishowe hapana mzuka. Yupo binti wa mtunza bustani, mtu hai. Kilichoiharibu nyumba ya bwana yule ni tamaa yake mwenyewe, na jinsi alivyompuuza mkewe. Katika Cat People ya Jacques Tourneur, ya mwaka 1942, mwanamke anaamini kwamba atageuka chui. Mara nyingi mtazamaji huona kivuli ukutani na kusikia mngurumo tu. Khofu hiyo haimzuii kumhurumia Irena, huiongeza huruma.

Hapo ndipo penye kipimo. Khofu ya kuchezea si dhambi, na mtoto aliyewahi kujificha nyuma ya kanga ya bibi yake akisikiliza hadithi za zimwi anaujua utamu wake. Tofauti ni kwamba hadithi ile ilisimuliwa na bibi mwenyewe, na ilipokwisha mtoto alimkumbatia. Anayewachagulia wengine filamu asihesabu damu peke yake. Naajiulize pia: kesho asubuhi, watazamaji hawa watamuogopa nani?